Mwacheni mtoto ajilishe, japo uji umwagike

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeizoea hata hatuisikii tena, nasi huitaja zaidi tunapozungumzia heshima, sala na masomo. Ni nadra kuitaja tunapozungumzia uji. Lakini, ndugu msomaji, mtoto wa mwaka mmoja na nusu bado hana sala wala masomo. Darasa lake kubwa la kutwa ni chakula. Mara tatu au nne kwa siku huketishwa mbele ya bakuli, na hapo ndipo anapojua kama mkono wake ni wake, kama mkubwa aliye mbele yake ni mwenzake au mshurutishaji, na kama neema ya Mungu huliwa kwa furaha au kwa machozi.

Ndiyo sababu leo naomba ruhusa kutumia ukurasa huu kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo: namna watoto wanavyolishwa katika nyumba za kulelea watoto, na uchafu unaofuatana na kulishwa huko. Mifano yangu naitoa mbali kidogo na pwani, katika miji ya Thika na Ruiru, kwa kuwa huko ndiko nilikoyaona, na kwa kuwa wako vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi waliohamia huko kwa ajili ya kazi na ambao watoto wao wanakulia huko.

SINIA LA NYUMBANI

Kwetu pwani mtoto hakulishwa na mtu mmoja. Sinia liliwekwa juu ya mkeka, wakubwa wakalizunguka, na kitoto kilichoanza kusimama dede kikapewa nafasi baina ya bibi na shangazi. Kilitia mkono, kikamega wali. Nusu ukaingia kinywani, nusu ukaanguka. Bibi alimtolea samaki miba, akamfanyia tonge dogo, akamtia mkononi, si kinywani. Hakuna aliyelalamika kwamba mtoto amechafua, kwa kuwa mkeka ulikuwa wa kukung'utwa na mikono ya kusaidia ilikuwa mingi. Baada ya chakula ikaja birika na tasa, na mtoto akaoshwa pamoja na wenzake.

Mambo hayo yalitaka watu, na watu ndio wasiopatikana huko. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, una viwanda vya nguo na mashamba makubwa ya mananasi kandokando yake. Ruiru ulijulikana kwa kahawa, hata aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11. Siku hizi ni mji wa majumba ya kupanga. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, watu walizidi kumiminika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 400,000 katika mji wa Ruiru peke yake. Wengi wao ni mume na mke waliomo chumba kimoja au viwili, wazee wao wakiwa mbali.

Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na sisi twajua kwamba Suratul Baqara, aya ya 233, yataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Baina ya mitatu na sita pana pengo, na pengo hilo huzibwa na mwanamke wa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku. Wenyeji huiita nyumba yake beibi kea. Mama humpeleka mtoto alfajiri pamoja na mfuko wa nguo na hotipoti ya chakula, akamchukua magharibi. Basi mtoto huyu hupata tonge zake za mwanzo mikononi mwa mtu wa kulipwa, wala si karibu na bibi yake.

HESABU YA KIJIKO KIMOJA

Nilikuwa Thika, mtaa wa Makongeni, kwa binti wa kaka yangu. Mwanawe alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Kila alipoona kijiko, hata nyumbani, hata mkononi mwa mama yake, aligeuza uso na kufumba kinywa. Kliniki walipompima, uzani wake ulikuwa haujapanda kwa miezi miwili. "Shangazi," akaniambia yule binti, "mimi namwachia chakula kizuri, na hotipoti yarudi tupu. Sielewi."

Asubuhi moja nikampeleka mtoto mimi mwenyewe, nikaomba kukaa. Nyumba ilikuwa safi, na walezi wawili walikuwa wapole. Saa sita mchana walianza kulisha watoto 12. Mlezi alimlaza mtoto mapajani, akamzuia mikono kwa mkono mmoja, akamtilia uji kwa mkono wa pili. Mtoto aliyefumba kinywa alibanwa pua mpaka akipanue apate pumzi, na hapo kijiko kikaingia. Kijiko kilikuwa kimoja kwa watoto watatu au wanne. Sakafu haikudondokewa hata na tone moja.

Nilipouliza kwa adabu, yule mkubwa wao hakukasirika. "Shosho," akasema, "hawa ni 12 na sisi ni wawili. Kila mmoja akishika kijiko chake, nani atapangusa? Maji nanunua kwa mtungi. Na jioni mama akikuta nguo ina uji, ananiuliza mimi."

Hayo ni maneno ya mtu anayefanya kazi, wala hayapasi kudharauliwa. Basi tuifanye hesabu yake. Mtoto mmoja wa kulishwa mapajani huchukua kama dakika 20. Watoto 12 ni dakika 240, yaani saa nne. Kwa walezi wawili ni saa mbili. Wa mwisho ale nini baada ya saa mbili, ila uji uliopoa na uvumilivu uliokwisha? Ndipo haraka inapoingia, na pamoja na haraka nguvu. Na nguvu ina hatari yake. Mtoto anayelia huku kinywa kimejaa huvuta pumzi kwa kishindo, na chakula huweza kupita njia ya hewa. Mtoto aliyebanwa pua hafunzwi kula. Hufunzwa kuogopa kijiko.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Ruiru kumtembelea wifi yake yule binti, ambaye mwanawe pia hulelewa nje. Huko nilikuta watoto 10, na mlezi mmoja aliyesaidiwa na msichana. Karatasi kubwa ya plastiki ilitandazwa sakafuni, watoto wakavuliwa mashati ya nyumbani na kuvishwa fulana kuukuu, wakaketishwa duara. Kila mmoja alipewa bakuli dogo lenye viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe, na kipande cha parachichi. Mlezi aliketi chini kati yao, akila chakula kilekile. Msichana alizunguka na kijiko cha kumsaidia aliyetaka.

Uchafu ulikuwako, sikatai. Viazi vilifika kwenye nywele, na mmoja alimlisha mwenzake sikio. Lakini baada ya dakika 35 mabakuli mengi yalikuwa tupu, na baada ya dakika 20 nyingine nyuso zilikuwa zimeoshwa na plastiki imepanguswa. Chini ya saa moja kwa jumla, wala hakuna aliyelia. Ile nyumba iliyoogopa uchafu ndiyo iliyopoteza saa mbili.

WATAALAMU WALIYOYAONA

Jambo hili limechunguzwa pia. Daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, alianza kutoa habari za uchunguzi wake mwaka 1928, na mwaka 1939 akaeleza habari za watoto 15 walioachishwa kunyonya karibuni. Waliwekewa vyakula vya aina nyingi vya asili, visivyo na sukari, kila kimoja katika chombo chake. Wauguzi waliamriwa wakae kimya na kijiko, wasimsaidie mtoto ila anyoshe mkono au aelekeze chombo. Mara za mwanzo watoto walitafuna hata kijiko na karatasi ya sinia. Baada ya muda mfupi kila mmoja alijua anachotaka, wakala, wakanawiri. Lakini tusisahau kwamba aliyechagua nini kiwekwe mezani alikuwa mtu mzima. Mtoto alichagua katika kile alichowekewa, na kiasi cha kula.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa habari za watoto 72 wenye umri wa miezi 16, waliopewa vitu 14 visivyo vigumu, vingi vikiwa vyakula na vinywaji, kila kimoja kikiitwa jina la kubuni. Walioviminya, kuvimwaga na kuvitia kinywani zaidi ndio walioyashika majina vizuri zaidi, hasa walipokuwa katika viti vyao vya kulia. Maana yake ni kwamba kitu kama uji hakijulikani kwa macho tu. Hakina umbo, ni mkono unaokijua. Mtoto anayepaka uji mezani anajifunza uji ni nini.

KIJANA ALIYEZUNGUSHA MKONO

Lakini sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja Iowa. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto wa Ummu Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa mtoto mdogo, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika chombo cha chakula. Mtume akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar akaongeza kwamba tangu siku hiyo ndivyo alivyokula.

Habari hii twaifundisha vyuoni kwa ajili ya yale mambo matatu, nayo ni haki. Yafaa pia tutazame jinsi yalivyofundishwa. Mtoto hakuondolewa kwenye chombo, hakushikwa mkono, hakufokewa. Alifundishwa na mtu aliyekuwa akila pamoja naye, kwa maneno machache, na mkono wake ukiwa ungali katika chakula. Mkono ulioachwa uzunguke ndio uliopata kufundishwa. Sasa yule mtoto wa Thika, mikono yake imezuiwa, ataambiwa ale kwa mkono upi?

Kadhalika yako mafundisho katika Muslim kwamba tonge likianguka lisiachiwe shetani, bali liondolewe uchafu na liliwe. Na Anas amepokea kwamba Mtume hakula juu ya meza ya kuinuliwa, bali juu ya sufra, yaani kitu kilichotandikwa chini. Mlezi wa Ruiru si Mwislamu, lakini karatasi yake ya plastiki ni sufra. Ikiwa imeoshwa, kinachoanguka ni chakula bado, hakijawa taka. Hapo ndipo mambo mawili yanayodhaniwa kupingana, usafi na kumwachia mtoto uhuru, yanapokutana.

MPANGO WENYEWE

Nisiseme tu watoto waachwe. Kuacha bila mpango ni uzembe. Haya ndiyo niliyoyaona yakifaa, pamoja na yanayoshauriwa na wajuzi wa afya.

Mikono na ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya chakula, ya mlezi na ya mtoto. Nusu lita kwa kila mtoto yatosha. Kwa watoto 12, kabla na baada ya kula, ni lita 12, zaidi kidogo ya nusu ya mtungi wa lita 20. Kila mtoto awe na kijiko na bakuli lake. Atiliwe kidogo, aongezwe akimaliza, kwani bakuli lililojaa ndilo linalopinduliwa. Uji uwe mzito wa kukaa kijikoni. Mlezi awe na kijiko cha pili, atie tonge mtoto anapopanua kinywa kwa hiari. Mtoto akigeuza uso mara ya tatu, ameshiba au hataki. Chakula kiondolewe bila maneno, kiletwe tena baadaye. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa hata mara kumi na zaidi kabla hakijapendwa.

Watoto wakae, wasile wakitembea wala wakilala, na mkubwa asiondoke. Karanga, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima zisipewe watoto wa umri huu. Githeri, ambacho ni chakula cha kila siku cha huko, mahindi yake ni magumu kwa meno machache. Na kipondwe vizuri. Sisi nasi tuangalie miba ya samaki. Mlezi ajue kwamba mtoto aliyepaliwa akakosa sauti hutiwa mdomo chini na kupigwa baina ya mabega mara 5 kwa kiganja. Ni vizuri ajifunze hayo, na yanayofuata, kwa muuguzi kabla ya siku ya haja.

Chakula cha hotipoti kilichopikwa saa kumi na moja alfajiri, kikawa vuguvugu tu, hakifai saa sita mchana. Shirika la Afya Duniani lashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ni heri mama alete unga, viazi na maharagwe yaliyochaguliwa, mlezi apike hapo.

Na mzazi Mwislamu anayemwacha mwanawe kwa mlezi wa dini nyingine asione haya kusema, wala asiseme kwa amri. Binti wa kaka yangu alimwambia mlezi, "Mama, mwanangu tukianza kula husema bismillahi, ukimtamkia atafurahi. Na nyama usimpe, mpe mayai na maharagwe." Yule mama akalijifunza neno hilo siku hiyohiyo. Mkono wa kushoto ukitangulia, kijiko hutiwa taratibu katika wa kulia. Mtoto wa umri huu hutumia yote miwili. Kumpiga kibao hakumfunzi sunna.

DENI LA MZAZI

Huko Thika mambo yalibadilika kiasi. Binti alinunua karatasi ya plastiki na kipande cha sabuni, akapeleka fulana mbili kuukuu, akamwambia mlezi kwamba hatauliza tena habari ya nguo. Mlezi alikubali kujaribu kwa watoto wanne waliokuwa wakubwa kidogo. Siku tatu za mwanzo mtoto wetu alichezea chakula tu, akala kidogo sana, na mama yake akarudi kazini akilia. Siku ya nne alijilamba vidole. Nilipoondoka alikuwa akila nusu ya bakuli kwa mkono wake, ila kijiko cha mtu mwingine alikuwa bado akikikimbia. Kilichoharibiwa kwa nguvu miezi mingi hakitengenezwi kwa juma moja.

Wako watakaosema walezi hawa ni watu wasiosoma, hawafundishiki. Sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kusema hivyo. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa hapa Kenya waliomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mpango wa shule za awali za madrasa ukaanzia Mombasa, baadaye ukaenea hata Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaani walifunzwa kazi ya ualimu, wakatengeneza vifaa vya watoto kwa vitu vilivyopatikana karibu, na dini ikakaa pamoja na mchezo. Kilichofanyika kwa watoto wa miaka minne chaweza kufanyika kwa wa mwaka mmoja na nusu, popote walipo.

Lakini tusimtupie mlezi mzigo wote. Mkono mtupu haulambwi. Mzazi anayelipa malipo ya siku moja, akataka mtoto arudi ameshiba, nguo haina doa, na maji na sabuni vitoke mfukoni kwa mlezi, huyo ndiye anayeagiza pua ya mwanawe ibanwe, ingawa hajui. Basi mfuko unaoandaliwa alfajiri na utiwe fulana kuukuu na sabuni. Na jioni, mlangoni, kabla ya kutazama nguo, mzazi aulize: leo amekula kwa mkono wake?